Tawi la Seif

Kikwajuni, Unguja
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Leokadia,

Shikamoo. Goti limekuwaje? Mara ya mwisho ulisema ukikaa kwenye kigoda huinuki bila kushika mlango, na kwamba daktari wa misheni alikuandikia vidonge ambavyo umevificha kwenye kabati la vyombo. Vimeze. Na Mama, kifua chake kimetulia? Mvua za huko zimewaachia walau siku mbili tatu za kuanika kahawa? Mimi ni mzima. Joto nimelizoea, na urojo nimeuzoea kuliko inavyonifaa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea simu yangu unaiweka mezani, unaifungulia sauti, na nyumba nzima inakuja kunisikiliza. Haya ni yako peke yako. Bahasha anakuja nayo yule mwalimu jirani yetu aliyekuwa huku kwenye semina. Ukishaisoma, iweke mahali ambapo Mama hapangusi vumbi.

Uliniuliza kama lile jambo la Seif limekwisha. Nilipokuwa naondoka baada ya mazishi ya Baba ulinishika bega pale kwenye kituo cha basi ukaniambia, "Mwachie Mungu." Nilikuitikia. Sasa nakueleza lilivyokwenda, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikifanya zamani nilipokuwa nasoma habari redioni: kilichotangulia, aliyesema, na nilichokiona kwa macho yangu.

Ofisi yetu iko Shangani, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani. Tunaandika programu za kompyuta kwa watu wa utalii. Waandishi ni watatu: mimi, Seif, na dada mmoja ambaye sasa yuko likizo ya uzazi. Mkubwa wetu ni Bwana Nassor. Babu yake alikuwa akiuza karafuu katika nyumba hiyohiyo. Yeye haandiki programu. Anatafuta wateja, na kwa hilo hana mpinzani.

Sasa nivumilie kidogo, maana bila hili hutaelewa mengine. Sote watatu tunaandika programu moja. Nakala yake kuu tunaiita shina, na kilichomo kwenye shina ndicho wateja wanachokiona kwenye simu zao, hakuna kingine. Anayeanza kazi mpya anachukua tawi kutoka kwenye shina, anafanya mambo yake pembeni. Siku zinapita, wenzake wanaongeza vyao kwenye shina, na tawi lake linabaki limesimama juu ya mambo ya zamani. Ndipo anafanya tunachokiita kuribesi: anainua kazi yake yote, anaiweka upya juu ya shina lilivyo leo, kana kwamba ameanza asubuhi hii.

Wakati ule nilipokuja kumzika Baba, mimi na Seif tulikuwa tunafanya kazi kwenye tawi moja. Kabla ya kuondoka niliweka humo kila nilichokuwa nimeandika. Nilipokuwa huko, Seif aliribesi nakala yake ya zamani, ambayo haikuwa na kazi yangu, kisha akailazimisha juu ya ile tuliyokuwa tukishirikiana. Kazi yangu ikatoweka mahali ambapo watu wanatazama. Dada, kosa kama hilo linatokea. Hilo peke yake nisingeliweka moyoni. Lakini Bwana Nassor alimwuliza nani amefanya nini, na Seif akajibu, "Adventina hajaleta kitu." Siku hiyo mimi nilikuwa Kamachumu nawanawisha mikono waombolezaji, wewe ukinishikia beseni.

Niliporudi nikamkuta amekaimu ukuu wa kitengo. Ukuu huo niliahidiwa mimi, mbele yake. Kazi yangu niliirudisha mchana mmoja tu kutoka kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Cheo hakirudishwi hivyo.

Nilimwuliza. Alikuwa anakula mkate wa kumimina, makombo yanaangukia kwenye kibodi.

"Seif, ulijua kazi yangu ilikuwepo."

"Nilijua *ilikuwepo*," akasema. "Bwana Nassor aliniuliza kilichopo. Nikamjibu kilichopo." Akatafuna, akameza. "Usiwe na kinyongo, dada. Nyinyi watu wa bara mnaweka mambo rohoni kama watu wanaoweka akiba ya mahindi."

Nilikwenda kukaa kwenye meza yangu nikaanza kumsoma mtu huyu kama ninavyosoma kazi yake: mstari kwa mstari, nikitafuta mahali anaposahau.

Nikapapata. Ofisini kwetu kuna sheria ambayo Bwana Nassor aliiweka mwenyewe, baada ya mtu mmoja aliyetutangulia kuwavurugia wateja programu wakati wa msimu. Sheria inasema hakuna mtu anayeliingiza tawi lake mwenyewe kwenye shina. Mwenye tawi anamwomba mwenzake, kwa jina lake, na kulitaja tawi. Huyo aliyeombwa anasoma kila mstari, akiridhika ndipo anameji. Kumeji ndiko kunakolifanya shina lipokee.

Hapa ndipo penye jambo lote. Kuribesi si kumeji. Ukiribesi, tawi lako linalijua shina. Shina bado halilijui tawi lako. Tena ubaya wake ni huu: kwenye kompyuta ya aliyeribesi kila kitu kinaonekana kipo, shina jipya chini na kazi yake juu, vinafanya kazi pamoja vizuri kabisa. Ila anayeona hivyo ni yeye peke yake.

Seif aliyajua haya zamani. Lakini tangu akaimu ukuu aliacha kuomba. Aliona haimfai mkubwa kusimama mbele ya meza ya mtu. Yule dada wa tatu ana roho nyepesi. Alikuwa anamaliza kazi zake, anayasoma matawi ya Seif, anayameji bila kuombwa, kama mtu anayefunga mlango uliosahauliwa wazi. Seif akazoea. Akawa anaribesi, anasimama, anajinyoosha, anasema, "Tayari, imekaa juu ya shina." Na kweli kesho yake wateja wanaiona. Kisha yule dada akaenda kujifungua.

Niliyebaki wa kumeji ni mimi.

Wakati huo Seif alikuwa na kazi ya watembeza wageni wa Jozani, kule msituni. Wana mfumo wetu wa zamu kwenye simu. Mfumo wa zamani ulikuwa na uonevu ndani yake: mgeni akivunja miadi, mtembezaji aliyepangiwa mgeni huyo alirudishwa mwisho wa foleni kana kwamba amekwisha kufanya kazi. Watu walikuwa wanakaa wiki nzima bila kumwona mgeni kwa kosa lisilo lao. Seif ndiye aliyepewa kulinyoosha hilo, na Bwana Nassor akatangaza kwamba siku ya kuwaonyesha watu wa Jozani ndiyo siku ya kuamua mkuu wa kitengo ni nani moja kwa moja. Kila mtu alijua anamtazama nani akisema hivyo.

Seif aliribesi kila asubuhi. Nilikuwa naona. Na kila jioni, kabla ya kufunga kompyuta, nilifungua shina kutazama kama kuna kitu chake. Hakuna. Nikabeba mkoba wangu, nikateremka ngazi, nikatembea mpaka Kikwajuni nikiwa mwepesi. Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia kwamba siku hizo nililala vizuri kuliko siku zozote tangu Baba afariki.

Siku moja kabla ya safari akasema tena, "Tayari, imekaa juu ya shina."

"Hongera," nikamwambia.

Akaniangalia. Nadhani alitaka kujua kama namkejeli. Sikuwa namkejeli. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu.

Tulikwenda Jozani na gari la ofisi. Watembeza wageni walikuwa wametandika mikeka kwenye baraza yao na kupanga viti vya plastiki, mimi nikakaa cha nyuma. Kima punju walikuwa juu ya miti wakitutazama kama wamelipa kiingilio. Kiongozi wa zamu ni Bi Mwanakheri, mama wa makamo, mwembamba, sauti yake inafika barabarani. Yeye ndiye aliyeonewa na foleni ile kuliko wote. Juma hilohilo wageni wawili walivunja miadi mikononi mwake.

Seif aliunganisha kompyuta yake na televisheni. Akaeleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akaonyesha mgeni anavunja miadi, na jina la mtembezaji linabaki palepale mbele. Watu wakapiga makofi. Bwana Nassor akakunja mikono kifuani kwa raha. Kisha Seif akasema, "Sasa fungueni simu zenu, mjionee wenyewe."

Wakafungua.

"Mwanangu," Bi Mwanakheri akasema, "hii yangu inanambia mie wa kumi na moja."

"Izime uiwashe, Bi."

"Nshaizima. Nshaiwasha. Wa kumi na moja. Au na simu nayo inanichukia?"

"Ni mtandao wa huku msituni."

"Mtandao mzima. Sasa hivi nimetoka kuzungumza na binti yangu wa Bububu, nimemwona mpaka sufuria lake linavyoungua."

Kijana mmoja wa kwao akasema kwa sauti, "Labda ile mpya ni ya kwenye tivi tu, yakhe. Wageni wakija tuwapange foleni mbele ya tivi." Kicheko kikapita barazani. Seif akachukua simu ya mmoja, akachukua ya pili, akabonyeza, akapangusa kioo kwenye shati. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo.

Bwana Nassor akasogea. "Seif, kulikoni?"

"Kila kitu kipo, Bwana Nassor. Nimeribesi leo asubuhi. Imekaa juu ya shina!"

Bwana Nassor akanigeukia kule nyuma. "Adventina?"

"Ni kweli ameribesi," nikasema.

"Sasa?"

"Sasa tawi lake liko juu ya shina. Shina halijapokea kitu."

"Kwa nini halijapokea?"

"Hakuna aliyemeji."

"Na wa kumeji ni nani?"

"Yeyote isipokuwa mwenye tawi. Ni sheria yako, Bwana Nassor."

Akatafakari. Si mtu mzito wa kuelewa. "Yaani wewe."

"Mimi. Nikiombwa kwa jina."

Seif alikuwa amekwisha kuelewa kabla yake. Nilikiona kitu kikimtoka usoni, Dada, na sikukiacha kinipite. Nilikitazama mpaka kikaisha. "Ulijua!" akasema. "Siku zote hizi ulikuwa unajua!"

"Hakuna aliyeniuliza lisilopo," nikamwambia. "Ulisema imekaa juu ya shina. Imekaa."

Bi Mwanakheri alikuwa ameshika kiuno, anatutazama kwa zamu. "Hebu ngojeni nielewe. Kumbe ni kama mtu kahamia mtaa wa mchumba wake. Anakula kwao, analala jirani, watoto wanamwita shemeji, anajiona yumo. Na ndoa haijafungwa."

"Ndivyo hasa," nikasema.

"Na mwenye kuozesha ndiye huyu mliyemweka nyuma kwenye kiti kilichovunjika mguu!"

Hapo barazani pakawa hapakaliki. Kuna mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Bwana Nassor hakucheka. Alimwambia Seif, polepole, "Muombe."

Seif akasema bila kunitazama, "Adventina, meji."

"Tawi gani?"

"Unalijua."

"Linatajwa."

Akavuta pumzi. "Adventina, naomba unimejie tawi la zamu."

"Mwambie na tafadhali!" yule kijana akadakia, na Bi Mwanakheri akamnyamazisha kwa mkono, ingawa mwenyewe alikuwa anauma midomo.

Nikahamia mezani, nikafungua kompyuta yangu, nikaanza kusoma. Kumeji kwenyewe, kwa tawi lililoribesiwa asubuhi ileile, ni kufumba na kufumbua. Hakuna cha kugombania, shina linasogea tu mbele hadi pale tawi lilipo. Lakini sheria inasema lisomwe. Nikasoma. Jua lilikuwa limehamia barazani, watu wakavuta mikeka kufuata kivuli, wengine wakaenda kuchota maji wakarudi. Seif alisimama. Hakuna aliyempa kiti na mimi sikumwambia akae.

"Lazima usome yote sasa?" Bwana Nassor akaninong'oneza.

"Ukiniruhusu kuvunja sheria, navunja. Sema mbele yao."

Akarudi nyuma.

Nilisoma kila mstari. Nilitafuta kosa, nakwambia ukweli, nilitafuta kwa uchu. Sikupata hata moja. Kazi ilikuwa nzuri, safi, imefikiriwa. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikameji.

"Wa tatu!" Bi Mwanakheri akapaza sauti. "Jamani, nimekuwa wa tatu! Huyo mwenye ndoa yake sasa apewe maji, atakufa kasimama."

Kesho yake Bwana Nassor aliniita chumbani kwake, akaagiza kahawa, akanipa ukuu wa kitengo. Akasema amefikiri usiku kucha na ameona amwondoe Seif. Mtu asiyejua kazi yake imefika wapi hamfai. Barua ya kumwachisha alikuwa ameshaiandika, kasoro saini.

Nikamwambia, "Abaki."

"Baada ya alivyokufanyia? Nimeshajua habari ya tawi lile la kwanza. Nimemwuliza, kakiri."

"Abaki, Bwana Nassor. Ni sharti langu. Akiondoka, cheo sikitaki."

Akatikisa kichwa. "Kwenu mlilelewa," akasema. "Una moyo ambao mimi sina." Alitoka akaichana ile barua mbele ya wote na akaeleza kwa nini. Seif alikuja mezani kwangu macho mekundu. "Dada," akasema, "sikutegemea. Wallahi sikutegemea." Nikamjibu, "Karibu." Tangu siku hiyo mpaka muuza kahawa wa kule chini ananisalimia kwa adabu mpya, maana habari za wema zinatembea Shangani haraka kuliko za ubaya.

Sasa sikiliza, Dada. Angefukuzwa, angepumzika. Angevuka kwenda Dar es Salaam, angepata ofisi nyingine, na kufikia mwezi wa pili mimi ningekuwa kisa chake cha kuchekesha watu: mwanamke mmoja wa bara, mkali, alinitegea. Nisingekuwepo kumsahihisha. Hapa yupo. Anaandika vizuri, kwa hiyo kila siku ana kitu cha kumeji. Kila siku anainuka kwenye kiti chake, anavuka chumba, anasimama mbele ya meza yangu, anataja jina langu na jina la tawi. Namwambia asubiri. Halafu nasoma, mstari kwa mstari, na yeye amesimama. Sijawahi kumkatalia kazi iliyo sawa wala sitamkatalia. Sijampandishia sauti hata mara moja. Ananishukuru kila siku, na siku moja atajua anachoshukuru. Sina haraka.

Ulisema nimwachie Mungu. Sijamwachia.

Kwa hiyo Krismasi hii sitakuja. Yule dada wa tatu atakuwa amesharudi kazini, na nikiondoka Seif atamwomba yeye badala yangu.

Mfikishie shemeji salamu, mumeo mvumilivu, na umwambie shati nililomwahidi nimelinunua, lina mistari kama alivyotaka. Msalimie shangazi yetu anayekaa na Mama, na mjomba fundi seremala, nimesikia mkono wake umepona. Mkumbatie binti yako wa kidato cha pili, mwambie hesabu asiziogope, zimenilisha mimi. Mkienda kupalilia kwenye kaburi la Baba, nipalilieni na upande wangu.

Na Mama akikuuliza nimepandaje cheo, mjibu wanavyosema wote hapa, kwamba nilimsamehe mwenzangu. Atafurahi sana.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Adventina